Miti inahitaji nyumba ya kupona, si chumba cha kufungia walevi

Siku ya soko hapa Miti, unga wa mihogo na kanyanga vinauzwa karibu karibu. Mama anayenunua kilo mbili za unga anapita mbele ya benchi ambapo vijana wameketi na glasi mkononi tangu asubuhi. Anawajua kwa majina. Mmoja alisoma na mtoto wake. Mwingine alikuwa fundi wa kujenga, mikono yake ilikuwa mizuri, leo inatetemeka asipokunywa. Mama anasalimu, anapita, na hakuna anayesema kitu. Ukimya huo ndio unaopaswa kuvunjwa.

Miti ni njia panda. Barabara inayotoka Bukavu inagawanyika hapa: moja inaendelea Kavumu, Katana na Kalehe, nyingine inapanda kwenda Tshivanga, inakata mbuga ya Kahuzi-Biega na kushuka Bunyakiri hadi Hombo. Kwa sababu hiyo, kila vita inapowaka kwenye moja ya njia hizo, kuna watu wanaoishia hapa. Tangu Februari 2025, wakati vita ilipofika uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha Bukavu, wakaaji wa pande hizi wameona safari za kwenda na kurudi zisizo na hesabu. Watu wanafika na godoro, sufuria na watoto. Wengi wao wanafika pia na jambo lisiloonekana: usingizi umepotea. Mtu akifunga macho anasikia tena risasi, anaona tena nyumba inayowaka, anamwita tena aliyebaki nyuma.

Na kitu kinachouza usingizi kwa bei ndogo kinajulikana. Ni kanyanga, au ile pombe kali ya chupa ndogo za plastiki ambayo mtu anaificha mfukoni. Kwa vijana wengine ni bangi. Usiku wa kwanza mtu anakunywa ili alale. Baada ya mwezi anakunywa ili asitetemeke. Baada ya mwaka hakumbuki tena kwa nini alianza, anajua tu kwamba pasipo hiyo hawezi kusimama.

Familia nyingi, za wakimbizi wa ndani na za wenyeji waliowapokea, zinajua kinachofuata. Unga uliopatikana kwa shida unatoka nyumbani usiku na kurudi ukiwa pumzi ya pombe. Jembe linauzwa. Bati moja linatolewa juu ya nyumba. Mama anaanza kuficha feza ya masomo ndani ya kitambaa cha mtoto mchanga, kwa sababu huko peke yake ndiko baba hatafuti. Watoto wanajifunza kusikiliza hatua za baba anapokaribia mlango, ili wajue kama ni usiku wa kula au ni usiku wa kukimbilia kwa jirani. Familia iliyokimbia vita moja inaamka ndani ya vita nyingine, na safari hii hakuna shirika linaloandika majina ya waliopatwa.

Kwa mtu wa namna hiyo, vijiji vyetu vina majibu matatu. La kwanza ni fimbo na kasho. Anapigwa, anafungiwa siku mbili tatu, familia inalipa ili atoke, anarudi kwenye benchi lile lile akiwa na hasira zaidi. La pili ni chumba cha maombi. Hapa sharti kusema kwa heshima: maombi yamewainua watu wengi, na kanisa ndilo mlango wa kwanza unaobishwa na mke aliyechoka. Lakini maombi ni jambo moja, na kumfunga mtu kamba au kumnyima chakula ili pepo la pombe limtoke ni jambo lingine. La tatu ni kicheko. Mlevi wa kijiji anakuwa mchezo wa watoto, mpaka siku anapokutwa kando ya barabara asubuhi, na hapo kila mtu anasema alikuwa mtu mwema.

Majibu yote matatu yanakosea mahali pamoja. Yanadhani kwamba mtu huyo anakunywa kwa sababu anapenda, kwa hiyo akitishwa vya kutosha ataacha. Utumwa wa pombe ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linauandika kati ya magonjwa. Si kila anayekunywa kasiksi kwenye arusi ni mgonjwa. Mgonjwa ni yule ambaye amejaribu kuacha mara nyingi akashindwa, ambaye mwili wake unadai pombe asubuhi, ambaye ameona anapoteza kazi, mke na heshima lakini mkono bado unakwenda kwenye glasi. Huyu akikemewa anaona haya, na haya inampeleka kunywa.

Kuna jambo ambalo kila familia inayosikiliza inapaswa kulishika, hata ikisahau mengine yote. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu anaweza kufa akiachishwa kwa ghafula. Ndani ya siku mbili au tatu za kwanza anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kupatwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwapo na kuchanganyikiwa kabisa. Watu wakiona hayo wanasema ni mashetani, wanazidi kufunga kamba. Kumbe ni mwili unaolia kwa sababu umezoea sumu. Hali hiyo inatibika: waganga wanajua kutumia dawa kama diazepamu kwa kipimo na muda maalumu, pamoja na vitamini B1, maji na uangalizi. Kwa hiyo anayetaka kuacha asifungiwe peke yake chumbani. Apelekwe kwanza kwa muganga, na aseme ukweli kuhusu kiasi anachokunywa.

Mtu atauliza: hospitali si ipo? Ni kweli. Bukavu kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili inayoongozwa na Frères de la Charité, na ndugu zao wa Goma wana kituo cha Tulizo Letu. Kazi wanayofanya ni kubwa. Lakini kutoka Miti hadi Bukavu ni karibu kilometa 30, safari inadai feza, matibabu yanadai feza, na mlinzi wa mgonjwa anahitaji kula. Na hata familia ikikaza mkanda ikalipa yote, shida kubwa inabaki mwishoni. Mgonjwa akitoka hospitali baada ya majuma kadhaa, anarudi wapi? Anarudi nyumba ile ile, hana kazi, marafiki wake ni wale wale, na kutoka mlangoni pake hadi kwenye benchi la kanyanga ni hatua chache. Hospitali imesafisha mwili. Hakuna aliyemfundisha jinsi ya kupita siku ya soko pasipo kunywa.

Hapo ndipo nyumba ya kupona inapoingia. Si hospitali ya pili, wala si gereza lenye jina zuri. Ni daraja kati ya kitanda cha hospitali na kijiji. Ni nyumba ya kawaida ambapo watu wanane au kumi walioamua kuacha wanaishi pamoja kwa miezi mitatu au zaidi, wanapika pamoja, wanalima pamoja, wanazungumza kila jioni juu ya siku iliyopita, na kila mmoja anamlinda mwenzake saa ile tamaa inapokuja.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa, na wenzetu wanaozungumza lugha hii hii. Malindi, kwenye pwani ya Kenya, mradi wa Omari ulianza mwaka 1995 ili kuwasaidia vijana waliotekwa na heroini. Zanzibar, nyumba za kupona zilianza mwaka 2009, na nguzo yake ilikuwa watu waliokwisha kutumia dawa za kulevya wenyewe wakaacha. Wao ndio waliowapokea wageni, kwa sababu mtu aliyetoka shimoni anajua mahali pa kuweka mguu. Marekani, mwaka 1935, wanaume wawili walevi waligundua kwamba wakikaa na kuzungumza pamoja wanaweza kupita siku moja bila kunywa; hivyo ndivyo vikundi vya walevi wanaosaidiana vilivyozaliwa, na leo viko karibu dunia nzima. Mwaka 1975, katika jimbo la Maryland, watu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya namna hiyo waliambiwa kwamba inafungwa kwa kukosa feza. Badala ya kutawanyika, walikodi nyumba ile wenyewe, wakachagua viongozi kati yao, wakagawana kodi, wakakubaliana kwamba atakayekunywa anaondoka. Kutoka nyumba hiyo zimezaliwa nyumba nyingi zinazoitwa Oxford House.

Nyumba hizo zote zilitangulia kwa watu wachache na masharti machache yaliyo wazi. Hazikungoja serikali ijenge jumba. Lakini si kila jambo la Zanzibar au Dar es Salaam linaweza kuletwa Miti kama lilivyo. Huko adui mkubwa ni heroini, na tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini. Kwetu adui mkubwa ni pombe, na pombe haina dawa ya namna hiyo. Kwa hiyo hapa kazi kubwa itabaki kwa watu wenyewe: muganga kwa siku za kwanza, kisha wenzao, kazi na familia kwa miezi inayofuata.

Nyumba ya Miti inaweza kuonekanaje? Vyumba vitatu vya kulala, jiko, choo kizuri, mahali pa kukaa jioni, na shamba karibu. Wanaume peke yao. Wanawake wanaokunywa wapo, nao wanaficha zaidi kwa sababu aibu yao ni kubwa zaidi; wao wanahitaji mahali pao, na mama kiongozi wao, si kona ya nyumba ya wanaume. Asubuhi ni kazi: kulima maharagi na mboga, kufyatua matofali, kushona, kutengeneza viatu, kulingana na fundi anayepatikana. Jioni ni mazungumzo. Siku ya ibada kila mmoja anakwenda kwao: Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu, na asiyetaka anabaki. Mara moja kwa juma familia inakuja, maana mke na watoto nao wana vidonda na wanahitaji kusikilizwa.

Masharti yawe ya kuandikwa kwenye ubao mmoja tu. Hakuna pombe wala bangi ndani. Hakuna kumpiga mtu. Hakuna kamba wala mnyororo. Anayeingia anaingia kwa hiari, na akitaka kutoka mlango uko wazi. Hakuna silaha. Jina la kila anayelala pale linajulikana kwa mkuu wa kijiji na kwa kituo cha afya, lakini yale anayoyasema jioni hayatoki nje. Na hakuna anayeingia kabla ya kupimwa na muganga. Eneo la afya la Miti-Murhesa lina vituo vyake na waganga wake. Wachache kati yao wakifundishwa jinsi ya kuwasimamia watu katika siku zile tatu za hatari, hatua kubwa imekwisha kupigwa.

Wapo watakaopinga, na hoja zao ni nzito. Ya kwanza inasemwa na akina mama: watoto wanalala njaa, halafu chakula kipelekwe kwa walevi? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba nyumba isiishi kwa kunyang'anya sahani ya mtoto. Iishi kwa shamba lake, kwa kazi ya mikono ya wakaaji wake, na kwa mchango mdogo wa familia inayoweza, uwe wa unga au wa franka. Lakini akina mama wanajua hesabu nyingine pia. Unga uliokunywewa mwaka mzima ni mwingi kuliko unga ambao mtu mmoja atakula katika miezi mitatu. Baba anayerudi na mikono isiyotetemeka anarudi na jembe.

Hoja ya pili ni ya wenyeji na wakimbizi. Nani ataingia kwanza? Wenyeji watasema ardhi ni yao. Wakimbizi watasema maumivu ni yao. Ikiwa nyumba itakuwa ya upande mmoja, itakufa mapema, na pengine italeta ugomvi mpya. Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kufungua mlango: nusu ya vitanda kwa wenyeji, nusu kwa waliokimbia, na kamati yenye watu wa pande zote mbili. Familia za Wabatwa zinazoishi kando ya mbuga zisisahauliwe, kwa sababu kila mara zinatajwa mwishoni au hazitajwi kabisa. Wanaume wanaolima shamba moja na kupika sufuria moja huenda wakafundisha kijiji jambo lingine zaidi ya kuacha pombe.

Hoja ya tatu ni ya usalama. Siku hizi nyumba ya wanaume kumi wanaoishi pamoja inaweza kutiliwa shaka na kila mwenye bunduki. Ndiyo maana nyumba isiwe ya siri. Iwe karibu na watu, si porini. Mkuu wa kijiji, kanisa na shirika la kiraia wajue nani yuko ndani na kwa nini. Isipokee feza, ugeni wala ulinzi wa kundi lolote. Na isitumiwe kuficha mtu anayetafutwa kwa kosa.

Hoja ya nne inawahusu wanaotengeneza kanyanga. Wengi wao ni akina mama, wengine wajane, na pipa lile ndilo linalolipa masomo na dawa za watoto. Ni rahisi kuwalaani kwenye mkutano. Ni vigumu kuwaambia watakula nini kesho. Tanzania ilikataza pombe kali za vifuko vya plastiki tangu tarehe 1 Machi 2017, na kukataza kunaweza kupunguza pombe inayobebwa mfukoni na kufichwa kwa watoto wa shule. Lakini pipa la nyumbani halimalizwi na sheria peke yake. Likilimba za akina mama zinaweza kuanza na wale wanaotaka kuacha biashara hiyo, ziwape mtaji wa kuuza unga, sambaza au mafuta. Wakati huo huo sharti zisemwe kweli mbili: kumuuzia mtoto pombe ni kosa, na pombe iliyochanganywa na metanoli inaweza kupofusha au kuua kwa usiku mmoja.

Hoja ya mwisho ndiyo inayovunja mioyo zaidi: wataanguka tena. Ndiyo, baadhi yao wataanguka. Mwenye ugonjwa wa presha akiacha dawa anapanda tena, na hakuna anayesema hospitali haina maana. Anayeanguka anaondoka ili asiwavute wenzake, arudi kwa muganga, na akiomba tena asikilizwe tena. Nyumba isipimwe kwa idadi ya walioanguka. Ipimwe kwa watoto ambao mwaka huu wamelala bila kusikiliza hatua mlangoni.

Nani aanze? Mashirika makubwa yana haraka nyingine: maji, chakula, mahema. Wakija kusaidia, vizuri, lakini nyumba inayozaliwa na mradi hufa pamoja na mradi, na gari la mradi likiondoka bati nalo linaondoka. Heri nyumba ndogo inayoanza na vilivyopo. Kuna nyumba zilizobaki tupu ambazo wenyewe wako mbali na wangependa ziwe na mtu wa kuzitunza. Kuna salongo, ambayo inaweza kupiga udongo na kuchimba choo kwa siku chache. Kuna parokia na makanisa yenye mashamba. Kuna waganga. Na kuna watu ambao tunawasahau: wale waliokwisha kuacha. Kila kijiji kina mmoja au wawili, wanaume walioacha kunywa miaka mingi iliyopita na hawasemi juu yake kwa sababu wanaona haya. Hao ndio walimu. Pasipo wao, nyumba itakuwa kuta tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haidai hata franka moja. Ni kikao kimoja. Mkuu wa kijiji, muganga wa kituo cha afya, paroko na mchungaji, mjumbe wa wakimbizi wa ndani, mama mmoja aliyeteseka na ulevi wa nyumbani, na mtu mmoja aliyekunywa akaacha. Wakae chini, waandike masharti ya nyumba, wataje nyumba inayoweza kutumika, wapange nani atakuwa zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kamati ya watu saba inaweza kupata katika majuma manne kile ambacho kila familia imekuwa ikitafuta peke yake usiku.

Na wakati kikao hicho kinangojewa, familia yenye mgonjwa nyumbani inaweza kufanya mambo matatu leo. Isimfunge. Isimwachishe kwa ghafula pasipo muganga. Na asubuhi, kabla hajanywa, wakati akili yake bado ni yake, mtu mmoja anayempenda akae karibu naye amuulize polepole ni nini anachokiona akifunga macho.